Naombea Kanisa Zima, Mke Wangu Nashindwa

Mshauri wangu, salamu zikufikie hapo ulipo na kikombe chako cha chai, safu yako nimeisoma miaka mingi nikiwacheka wenye matatizo, leo naona zamu imenifikia, basi nicheke lakini unisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima, kipara kimeshafika katikati ya kichwa, tena ni mzee wa kanisa ambaye wenzangu wamenibandika jina la Spika kwa sababu nikisimama kuomba sihitaji kipaza sauti, harusi naitwa mimi, msiba naitwa mimi, hata mchungaji mafua yakimbana husema, "Spika yupo, hatuna wasiwasi," na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyopenda kuomba kwenyewe. Sasa mke wangu anaumwa, ini limechoka, na daktari alituambia kwa upole sana tumrudishe nyumbani akapumzike, nawe unajua daktari akiwa mpole namna hiyo maana yake nini. Amelala chumba cha nyuma ya duka langu, kati yetu kuna pazia tu, mimi nashona huku, yeye anasikiliza cherehani kule.

Juzijuzi mchana akaniita, akasema, "Mume wangu, niombee." Nikasimama, nikafunga kifungo cha shati, nikakohoa kidogo, nikaanza, "Ewe Mwenyezi uliyezitandaza mbingu, twaja mbele zako sisi viumbe wako dhaifu," na sauti ikapanda mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akaitikia amina. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayemuuguza, akachungulia kutoka jikoni, "Shemeji, kwani Mungu amehama? Mbona unamwita kama yuko ng'ambo ya mto?" Tukacheka, hata mgonjwa alicheka, ila kicheko kilipoisha akageukia ukutani akasema, "Hiyo ni ya kanisani. Mimi nataka ya kwangu."

Nikajaribu tena kwa sauti ya chini, mshauri, sikupata neno hata moja, kinywa kikawa kama kimeshonwa, nikasema nimeacha pasi juu ya kitambaa, nikakimbilia dukani. Tangu hapo akiniita naleta watu, nimemleta mchungaji, nimewaleta akina mama wa maombi, nimeleta na kwaya. Jana walipoondoka akanishika kwa ule mkono wake uliobaki mifupa, akasema, "Umeniletea kanisa zima, mume wangu hajaja." Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana hiyo ndiyo nazungumza nayo tangu ujana, kutwa naibembeleza, "Polepole bibi, usinikatie uzi," hadi shemeji anasema huyo ndiye mke mwenza. Naogopa mke wangu ataondoka kabla sijamwombea, na naogopa zaidi kwamba miaka yote hii sikuwa naomba, nilikuwa nahutubia. Nifanye nini?

Spika, aliyekatika sauti

JIBU

Ndugu yangu Spika,

Pole. Nimeisoma barua yako, nikainuka nikazunguka meza, ndipo nikakaa kuijibu. Sasa nikugombeze kidogo, maana umejitakia. Mtu anakuita wewe, unamletea kwaya? Angekuomba maji ya kunywa ungemchimbia kisima? Na hiyo pasi, baba, mimi na wewe tunajua ilikuwa imezimwa.

Umemfanya Mungu mgeni rasmi. Unampokea kwa hotuba, unamkalisha kwenye kiti cha mbele, kisha unamsindikiza hadi langoni na kurudi kazini kwako peke yako. Maombi yako yana suti, fundi. Jumapili unayavalisha, Jumatatu unayatundika. Usishangae ugonjwa ulipoingia bila hodi ukakukuta huna cha kuvaa. Sikuchekei. Hata mimi gazetini nina maneno kama mvua, lakini mume wangu akiniuliza, "Mbona umenuna?" nakosa hata moja.

Lakini eti hujui kuomba? Kutwa nzima unazungumza na chuma. Uzi ukikatika unalalamika, mshono ukinyooka unashukuru, ukichoka unaguna. Maombi ni hayo hayo. Umekosea anwani tu.

Basi fanya hivi. Beba cherehani uipeleke chumbani kwa mkeo, leo, usisubiri mchungaji aje kuibariki. Wateja wakiuliza, duka limehamia nyuma ya pazia. Kaa, usisimame. Kifungo kiache wazi. Shona, na unaposhona sema na Mungu kwa sauti ile ile ya kazini: mwambie macho yamefifia, tundu la sindano hulioni, mkeo hakula asubuhi, unaogopa. Usifumbe macho, utajichoma kidole. Neno likikosekana, acha kazi umshike mkono, unyamaze. Kunyamaza ukiwa hapo nako ni kuomba. Kukimbilia pasi si kuomba.

Hao akina mama na waje, ila waje kukusaidia wewe, wasije badala yako.

Sitakudanganya kwamba atapona. Ningekuwa na uwezo huo nisingekuwa naandika gazetini. Na siku atakapoondoka, usiharakishe kuirudisha cherehani dukani. Utakuwa na mengi ya kumwambia Mungu, mengine machungu, hayafai kusemwa kanisani. Yaseme hapo hapo, hayo nayo ameyazoea.

Mkeo hataki maneno mapya. Amelala nyuma ya hilo pazia akisikia jinsi unavyobembeleza mashine, na nadhani kinachomuuma ni hicho. Kwa hiyo akikuita leo, kaa kitandani, umshike, umwambie Mungu lile unalolijua siku zote: "Polepole, Baba. Usinikatie uzi."

Amina aitikie mkeo. Jirani asisikie kitu.