Mstari wa Pili

Jumanne, Kiseke

Nimenawa mikono mara nne tangu nifike nyumbani, na najua haisaidii.

Leo barua ya mawakili imefika maabara. Kampuni ya ng'ambo inasema protini ya kirusi tunayotumia kwenye vipimo vyetu ni mali yake, ina hataza, yaani haki ya kuitumia ni yao peke yao, tuache mara moja. Mali yake! Kirusi kile tulikitoa kwenye damu ya Masanja, mkulima wa Busisi. Mimi ndiye niliyemtoa damu, siku mbili kabla hajafa.

"Funga vipimo vyote kwenye boksi, Neema," bosi akaniambia. "Usimpime mtu tena mpaka kesi iishe."

Nilibakiza kimoja. Kwa hasira tu, nikajichoma kidole. Siku zote kwangu hutokea mstari mmoja, ule wa kuonyesha kipimo ni kizima.

Leo ukaja wa pili. Ulijichora taratibu, mwembamba, kana kwamba kuna mtu upande wa nyuma anauvuta kwa kalamu. Maana yake kirusi kile kimeshapita mwilini mwangu. Sijaumwa. Sikumbuki hata homa.

Nikakificha boksini na vingine, nikazungushia seloteipu.

"Vyote vimo?" bosi akauliza.

"Vyote."

Siwezi kumwambia mtu, maana nimepima kwa kilichokatazwa. Na kurudia kupima siwezi, kwa sababu vipimo vyote vimefungwa boksini.

Siku ile nilipomtoa damu, Masanja aliniuliza, "Dada, hiyo damu yangu mnaipeleka wapi?"

Nilimjibu kwamba haiendi mbali.