Nilikuletea Mafuta, Mama

Mama mpendwa,

Kopo la mwisho la mafuta ya moyao, yale ya kupaka ngozi, nililokuletea nimerudi nalo Jinja. Lipo hapa saluni, nyuma ya kioo. Sina nguvu ya kulifungua wala ya kulitupa.

Unakumbuka tulivyoanza? Baba, afande wetu wa magereza, alipofariki, ulihamia Mbale, kwenye chumba kile cha Namakwekwe, ukawa unauza dagaa kando ya barabara. Kila nilipokuja nilikuta miguu yako imepauka na mikono inakwaruza. Nilikukalisha kitandani nikakupaka mafuta kuanzia vidole hadi visigino, nawe ukacheka. "Weye nafanya mimi kama bibi harusi," ulisema. Nikajiona binti mwema kuliko wote.

Nilijua hunywi maji, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Choo kilikuwa mbali, nyuma ya nyumba za majirani, nawe hukutaka kuwaachia kunguru dagaa wako. Nikikuuliza, ulinijibu, "Mimi hapana sikia kiu. Chai ya asubuhi natosha." Nami nilichota mafuta mengine. Ni mimi huyuhuyu ninayeshinda saluni nikiwahubiria wateja kwamba krimu peke yake haitoshi, wanywe na maji. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mamaye je?

Kisha ukashikwa na homa na kuhara. Jirani yako alinipigia simu siku ya tatu, nikakukuta hospitalini. Nesi alifinya ngozi ya mgongo wa mkono wako, akaiachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama, na juu yake mafuta niliyokupaka Jumapili bado yanang'aa.

"Umemupaka muzuri, dada," alisema. "Lakini mafuta iko ya juu tu. Ndani mama iko kavu. Yeye nakunywaga maji?"

Walikutundikia dripu, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuchoka. Ulifariki kesho yake asubuhi, midomo imepasuka, nami nimekushika mkono ule ule.

Watu wananiambia ni homa, ni umri, ni mapenzi ya Mungu. Labda. Mimi sifarijiki. Ninaishi mji wenye mto mkubwa hivi, na kila nikivuka daraja nageuza uso. Wateja wakiniuliza ngozi zao zina nini, nawaambia sijui. Wakishatoka naifinya ngozi yangu, inarudi upesi, na hilo nalo linanitia uchungu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kila nilipofika mlangoni kwako na vumbi la njia, hukunisalimu mpaka umechota maji kwenye mtungi. "Kunywa kwanza, mutoto. Umetoka mbali," ulisema, ukasimama kunitazama mpaka nimalize. Nilikunywa yote. Nilikurudishia kikombe kitupu, nikafungua kopo la mafuta. Miaka yote ile, Mama, hata siku moja sikukijaza tena nikakupa wewe.

Lala. Sina neno la kukuomba unisamehe nalo.

Binti yako, uliyemnywesha