Elia Hakuiba Dizeli

Dutwa,
Bariadi, Simiyu.
22 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Fabian,

Mwangaluka. Naamini wewe, mkeo Evalina na watoto mko mhola, salama kabisa, huko Dar es Salaam, na kile kifua cha mtoto kimetulia. Sisi huku ni wazima. Mayu, mama yetu, anaendelea na dawa zake za presha na anatembea mwenyewe hadi kanisani. Baba goti linamsumbua, lakini asubuhi hakosi zizini. Mahindi tumeshaingiza ndani, na pamba mwaka huu si mbaya.

Salamu ndizo hizo. Sasa nina hasira na wewe, Fabian, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, au unasema mtandao unasumbua. Barua hii anakuletea binti yangu Gloria anayerudi chuoni. Nimemwambia asiondoke hapo kwako mpaka aone umeisoma yote.

Unajua ilivyoanza. Mwaka jana ulipiga simu ukasema umeona pikapu kwenye yadi ya magari, kubwa, ya kazi nzito, inavuta hata trela, na muuzaji amekuhakikishia inakwenda kilomita kumi kwa lita moja ya dizeli. Baba aliuza ng'ombe kwa neno lako. Gari lilipoingia hapa Dutwa watu walitoka madukani kulitazama. Ufunguo akapewa Elia, kwa kuwa ndiye dereva pekee katika familia, tena ni mtoto wa mama mdogo Martha, amekulia humu humu ndani na sisi.

Elia alilipenda lile gari. Alikuwa analiosha kabla hajala. Alibeba mbegu, mbolea, magunia ya mpunga, na mgonjwa akipatikana alimpeleka Bariadi bila kumtoza kitu.

Ila dizeli ilikuwa haikai, na Elia hakukuficha. Alikwambia mapema kwamba likiwa tupu kwenye lami linafika saba, lakini likipakiwa na kuingia barabara za Itilima wakati wa mvua linakwenda kilomita tano kwa lita, na hapo ni kwa kubembeleza. Ulimjibu kwamba muuzaji hana sababu ya kudanganya na kwamba dereva mzuri anajulikana kwa mafuta.

Mwezi wa tatu alipeleka mzigo Lagangabilili. Udongo ule mweusi unaujua ukilowa. Alikwama, akachomoka, akakwama tena, injini inaunguruma gia ya kwanza karibu siku nzima. Mafuta yakamwishia njiani, ikabidi tumpelekee dumu kwa pikipiki. Kesho yake Baba alituita sote sebuleni, na wewe tukakuweka kwenye spika.

Ukasema, sauti yako ikafika hadi uani, "Gari inakula nusu ya hayo mafuta. Nusu nyingine mwulizeni Elia anamuuzia nani."

Mama mdogo Martha alikuwa amekaa pale mkekani, Fabian. Mama yake mzazi. Elia akasimama, akasema, "Kaka, panda basi uje uendeshe mwenyewe." Ukamwambia huna muda wa kubishana na mwizi. Akaweka ufunguo mezani akatoka. Baba alinyamaza, na mimi nilinyamaza, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma bei na namba za magari na sisi tulikuamini.

Hapa kwetu neno kama hilo halibaki sebuleni. Vijana wa bodaboda walianza kumwuliza Elia kama bado ana dizeli ya bei nafuu. Kwenye kwaya wakamwomba apumzike kwanza. Na kule Kalemela, kwa wazazi wa Precious, posa ilikuwa imeshapokelewa na tulikuwa tunapanga siku ya mahari. Wakasikia. Wakasimamisha mazungumzo, na mwezi Mei wakayavunja kabisa. Baba yake Precious alisema hawezi kumpa binti kijana anayewaibia ndugu zake.

Wewe ukamleta rafiki yako Nyanda kutoka Mwanza ashike gari, ukasema huyu ni mwaminifu. Sina ugomvi na Nyanda, ni kijana mstaarabu. Lakini Nyanda naye akaanza kuomba dizeli ile ile aliyokuwa anaomba Elia. Baba alipokuuliza ukasema huenda nozeli za kunyunyizia dizeli zimechoka. Tukalipeleka kwa fundi Bariadi, akalikagua, akasema ni zima. Hukumwita Nyanda mwizi. Hukuitisha kikao. Kwa hiyo gari likiwa na Nyanda nozeli zimechoka, likiwa na Elia dizeli imeibwa?

Wiki iliyopita nilifunga duka nikapanda mbele na Nyanda. Tulijaza tangi pale Bariadi mpaka mdomoni, tukapakia pamba vijijini tukapeleka kiwandani, tukarudi kupakia tena. Jua kali, barabara kavu, tope hakuna. Sikuliacha gari, hata chakula nililetewa ndani. Jioni tukarudi kituo kile kile tukajaza tena mpaka mdomoni, nikagawanya kilomita kwa lita. Nne na kitu. Elia aliposema tano alikuwa anatuonea huruma.

Nikakupigia nikiwa pale pale pampuni. Nilidhani utashtuka. Ukacheka kidogo, ukasema, "Dada, hizo gari kubwa ndivyo zilivyo. Hata wenye nazo huku wanalia. Mimi nilishaambiwa tangu Pasaka."

Tangu Pasaka!

Fabian, Pasaka Elia alikuwa bado hapa, amejifungia ndani, anaona aibu kwenda misa. Wazee wa Kalemela walikuwa bado hawajatoa jibu la mwisho. Simu moja kutoka kwako ingetosha. Nilipokuuliza kwa nini hukusema, ukajibu kwamba uliona mambo yameshapita. Yamepita kwa nani? Kwako wewe uliyekaa ofisini kwenye kiyoyozi? Muuzaji alikudanganya ukamwamini, hilo naweza kulisamehe, anayenunua gari hudanganywa. Lakini ulijua ndugu yako hakuiba, ukaendelea kula na kulala huku watu wanamwita mwizi.

Habari hizo nilimpa Baba jioni ile ile. Asubuhi yake alivaa koti, akapanda basi hadi Lamadi na goti lake lile, akachukua pikipiki mpaka Kalemela. Akamweleza baba yake Precious yote, bila kukuficha. Mzee yule alimsikiliza vizuri, wakamkaribisha samaki na ugali, halafu akamwambia, "Mzee mwenzangu, wewe hukumwita mwizi. Aliyemwita ndiye aje." Wakati wa kuagana Precious alimsindikiza Baba njiani, akamwambia hajachumbiwa na mtu mwingine, ila hawezi kushindana na baba yake peke yake.

Elia yuko Lamadi, anaendesha lori la samaki la mtu. Nilimfuata nikamwomba radhi, nikamwambia ufunguo ni wake, arudi. Akanijibu, "Dada, gari sitaki. Nataka mama aweze kwenda sokoni." Ndipo nikagundua kwamba tangu kile kikao mama mdogo hajakanyaga soko la Dutwa. Mboga ananunuliwa na majirani. Nililia kwenye basi njia nzima, na sasa sitaki kulia tena.

Kwa hiyo utakuja. Sikuombi, nakwambia kama dada yako. Utaomba ruhusa kazini, utapanda basi, utaanza kwa mama mdogo Martha, upige magoti kwenye mkeka ule, umwambie mtoto wake hakuiba. Utatembea naye hadi sokoni mchana kweupe. Utasimama kanisani mbele ya kwaya. Kisha mimi, wewe na Baba tutakwenda Kalemela, na huko utazungumza wewe.

Gari tunaliuza. Mnunuzi nitamwambia mwenyewe bila kupunguza, kwamba likiwa tupu kwenye lami ni saba, likiwa na mzigo ni nne. Akiondoka na aondoke. Sitaki dereva wa mtu mwingine aitwe mwizi kwa ajili ya gari letu.

Msalimie sana Evalina, mwambie vitenge nimevipata na nimevipenda. Wabusu watoto. Mume wangu Constantine anakusalimu, Baba naye. Mayu nilipomwuliza salamu zake alikataa. Amesema atakusalimia akikuona mlangoni.

Mungu akulinde safarini.

Dada yako anayekupenda hata leo,
Ernestina