Whiski Mbili za Mwita

Turwa, Tarime

Shikamoo Baba,

Mwita, mwenzako wa vita vya Burma, alifariki Jumapili iliyopita kwa homa ya mapafu. Aliyeniambia ni mjane wake, Mama Robi, nilipobisha hodi na salamu zako.

Amenionyesha zile chupa mbili mlizopewa na Wamarekani. Zimebaki nusu nusu, kama mlivyoziacha mlipoagana mkibishana, wewe ukisifu whiski ya ile nafaka yao iitwayo rai, yeye ya mahindi. Tangu siku ile hakuonja tena. "Alisema akinywa peke yake atashinda kwa wizi," Mama Robi akaniambia.

Akaleta mrija mrefu ambao marehemu alinywea pombe chunguni na wazee wenzake. "Onja badala ya baba yako, uamue." Nilivuta kama wanavyovuta pombe, nikakohoa hadi machozi. "Mwita alisema baba yako naye alikohoa hivyo hivyo," akacheka, kisha akajifunika uso kwa khanga.

Ya rai inachoma ulimi kama pilipili manga. Ya mahindi ina utamu wa sukari iliyoungua, na hushuka taratibu. Nilimwambia ukweli: Mwita alikuwa sahihi.

Amekataa hukumu yangu. "Aliyebishana naye ndiye aje akubali, pale kaburini." Matanga yanaisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na mrija amekuwekea. Vaa koti zito melini, Baba. Nitakungoja gatini Musoma, Ijumaa asubuhi.

Mwanao,
Petro