Kwa Aleida, Aliyesema Si Kitu

Mwaka umetimia, Aleida, tangu Jumapili ile ulipoangushwa juu ya tuta la mto Linge, ukainuka, ukajipangusa sketi, ukasema si kitu. Jumatatu mchana hukuwa nasi tena.

Binti zetu wawili walitaka mdogo kwa mkubwa wakubaliane Hedwig aandike tangazo hili la kumbukumbu kwa kuwa yeye ana maneno mazuri. Nikakataa. Nitaandika mimi mumeo, maana mimi ndiye niliyekuwepo. Marloes amesoma mwanzo wake akaniambia, "Baba, punguza kidogo, watu watasoma." Sijapunguza.

Kila anayekutaja huanza na wema wako, nami nitaanza hapo hapo. Miaka thelathini ulizunguka na baiskeli mitaa ya mji wetu wa Zutphen, kwa mvua na kwa theluji, ukiwaogesha wazee majumbani mwao, ukiwavisha soksi, ukiwahimiza kumeza dawa. Bibi Ottens alikataa kuguswa na mtu mwingine yeyote, hata binti yake wa kumzaa. Ulirudi jioni ukinukia sabuni za watu, na kabla hujavua koti ulishika simu kumuuliza mzee fulani kama ile supu ameimaliza. Chakula chetu kilipoa mara nyingi. Tulikila kimepoa.

Ulipostaafu tukanunua gari-nyumba, lenye kitanda na jiko ndani. Lilikuwa limechoka, mlango wa choo haukufunga, na mapazia yake ya rangi ya haradali uliyachukia tangu siku ya kwanza. Tulifunga baiskeli zetu nyuma, tukaondoka mwezi wa Mei kufuata maji: kwanza mto IJssel, halafu maziwa na mifereji ya Friesland, kisha tukateremka kusini. Tukinywa kahawa mlangoni asubuhi, tukipanda baiskeli, basi siku imekwisha pangwa.

Kuendesha na wewe kulichosha. Ulisimama kwa kila bata mwenye vifaranga. Kwenye kila lango la maji ulishuka kutazama boti zikipandishwa, ukashika kamba ya mtu usiyemjua, ukaulizia wajukuu zake, na mimi nimeweka mguu mmoja chini nakungoja.

Karibu na Sneek tulipata nafasi nzuri kuliko zote, maji yako hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilikwisha toa viti. Mara likaja gari-nyumba la Wajerumani, mume na mke, na pale pamejaa.

"Tuwapishe," ukasema. "Wametoka mbali."

"Ujerumani ndiyo mbali? Panda juu ya gari uone kama huioni."

"Wubbo, yule mama ana mguu mbaya."

"Na mimi nina mke mbaya."

Ulicheka mpaka ukashikilia mlango. Tukawapisha, tukalala kando ya mapipa ya taka yenye vichwa vya samaki. Nilinuna hadi kesho yake, lakini moyoni niliona fahari kuwa mume wako. Leo ile fahari naitafuta siipati.

Mwezi wa Julai tulifika Linge, msimu wa cheri. Tuliegesha kwenye ua wa mkulima mmoja, chini ya miti yake. Jumapili ile tulikuwa tunarudi kutoka matembezini, mfuko wa cheri umo kwenye kikapu cha baiskeli yako. Ulikuwa unakula na kutema kokwa upande wa mto, unanicheka kwa sababu zangu hazikufika majini. Njia ya juu ya tuta ni nyembamba. Nyuma yetu tukasikia kengele na sauti za wanaume: "Kulia! Kaeni kulia!" Lilikuwa kundi la waendesha baiskeli za mashindano, wameinama, wanakwenda kama wanafukuzwa. Wa mbele walipita salama. Mmoja wa nyuma akagusa usukani wako.

Ulianguka ubavu, na kichwa kikagonga lami. Niliusikia ule mlio. Wenzake hawakugeuka. Yeye peke yake alirudi, mwanaume wa miaka arobaini hivi, uso umempauka.

"Mama, umeumia? Nipige simu?"

Ulikuwa umekwisha kukaa. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu. "Si kitu, mwanangu," ukamwambia. "Nenda, wenzako wanakuacha."

"Hebu ngoja kwanza," nikamwambia mimi. "Huendi popote."

"Wubbo! Mwache mtu afurahie Jumapili yake."

Akaniangalia, akakuangalia. Akachagua kukusikiliza wewe, kama watu wote walivyofanya siku zote. Akapanda baiskeli yake akaenda, hata jina hakuacha.

Nilipotoa simu kuita gari la wagonjwa uliipokonya, ukaitia kwenye mfuko wa cheri.

"Aleida, unameza vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi. Twende hospitali."

"Jumapili? Nikakae pale pamoja na walevi na watoto waliovunjika mikono? Waache wahudumiwe wenye shida."

Wewe ndiye uliyesema hayo! Wewe uliyemfokea mzee Lubbers siku aliyoteleza bafuni, ukamwambia mtu anayetumia vidonge hivyo akijigonga kichwa hakai kusubiri, anakwenda kupimwa saa ile ile, apende asipende. Ulimvalisha koti kwa nguvu, ukampeleka mwenyewe. Mzee Lubbers yu hai. Juzi nimemkuta sokoni akichagua maparachichi, anayabonyeza moja moja, nikashindwa kumsalimia.

Uliendesha baiskeli mpaka garini. Ulianza kukaanga viazi. Halafu ukasema kichwa kizito, ngoja ujinyooshe kidogo. Nilipoona maneno yako yanagongana sikukuomba ruhusa tena, nilipiga simu. Neno lako la mwisho lililoeleweka lilikuwa "gesi." Ulitaka nizime jiko. Nikazima.

Novemba yule mtu alikuja nyumbani. Anaitwa Bastiaan. Alisoma habari zako kwenye gazeti, akarudi kule Linge akauliza hadi akampata mkulima wa cheri, na mkulima akamwelekeza kwetu. Alisimama mlangoni na ua ndani ya chungu.

"Mzee, samahani. Mimi ndiye yule wa kule kwenye tuta."

"Nakujua."

"Aliniambia niende."

"Najua alikuambia. Umekuja kutaka nini?"

Akalitazama ua lake. "Sijui. Nilidhani ukinifokea nitapata nafuu."

"Basi sikufokei."

Nilikuwa nafunga mlango Marloes aliponipita. "Ingia ndani, kuna baridi," akamwambia. "Kahawa yako unaweka maziwa?" Sauti ilikuwa yako, Aleida. Akampa kiti, akampa kahawa, akamfungulia kopo la biskuti, akamfungulia tena mara ya pili. Mimi nikatoka nikaenda kukaa ndani ya gari-nyumba uani, kwenye kiti cha dereva. Baadaye Marloes akaja kugonga kioo.

"Baba, mtu analia jikoni kwako na wewe umejifungia huku."

"Mwache alie."

"Mama angempa kahawa."

"Mama yako alimpa zaidi ya kahawa. Yuko wapi?"

Hatukusemezana tena, mimi na mwanangu, mpaka Krismasi ikapita. Hedwig ndiye aliyekuwa akibeba salamu, huku na huku, hadi akachoka akatuambia tupigiane simu wenyewe.

Watu hunifariji kwa kuniambia ulikufa kama ulivyoishi. Wanadhani hilo linatuliza. Ule msamaha uliompa pale barabarani haukuwa wako peke yako. Ulikuwa wa Marloes na wa Hedwig. Ulikuwa wa mjukuu wetu Jorn, aliyebaki amekaa na mashua ya mbao uliyomwahidi mtaipaka rangi pamoja ukirudi. Ulikuwa wangu. Umeutoa wote kwa mkupuo, kwa mtu wa kupita, ukatuacha sisi mikono mitupu. Huruma yako ilimfikia kila mtu kwenye mto ule. Wewe mwenyewe haikukufikia, na kwa hiyo sisi pia haikutufikia.

Jumapili hii tunakwenda kwenye lile tuta. Jana Marloes, akimenya viazi bila kunitazama, aliniambia kwamba Bastiaan ameomba kuja. Nimemwambia aje. Kumpa mkono, hilo sijaahidi.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, Wubbo Kamphuis, binti zako Marloes na Hedwig, mkweo Pieter-Jan, mjukuu wako Jorn, dada yako Gesina wa Deventer, na wazee wa Zutphen ambao sasa wanavishwa soksi na mtu mwenye haraka.

Kukusahau, Aleida, hatutakusahau milele. Kukusamehe, bado.