Jaji asiye na askari

Hortense, banange, jamani, baba atanimaliza!

Unajua tangu astaafu ujaji hatulii. Leo tumeenda mtaa wa Bwaise, kaombwa asuluhishe ugomvi wa Mama Adoch na jirani yake Oyet. Ukuta wa Oyet unarudisha maji ya mvua mpaka ndani kwa yule mama.

Kawasikiliza wote wawili, akaamua: "Ukuta ubomolewe."

Oyet akacheka. Akacheka, Hortense! "Mzee, ulikuwa jaji zamani. Sasa askari wako wako wapi?"

Ati askari wako wako wapi! Mtu ambaye akiingia, mahakama nzima ilikuwa inasimama!

Baba uso umemshuka. Mara mvua hiyo. Watu wakakimbia, yeye akaingia kwa Mama Adoch, akaketi. Maji yakamfikia miguuni, yakapanda.

"Baba, twende nyumbani!"

"Sijamaliza kesi. Mwiteni Oyet aje akae hapa na mimi."

Nimebeba godoro la Mama Adoch kichwani huku nalia kwa hasira. Oyet kafika mlangoni, kamwona mzee na suti yake ndani ya maji, akageuka akaondoka.

Ukuta bado umesimama. Na baba ananiuliza kama kesho itanyesha tena.