Kitunguu Ndani ya Dumu la Glory

S.L.P. 88,
Newala.
19 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Glory,

Marahaba. Naitikia tu, maana hata kwenye simu shikamoo yako sijaisikia tangu Pasaka. U mzima huko Mwanza? Baba Nancy na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua bado, na maji yanapanda huku juu kwa bodaboda, dumu kwa dumu, kama ulivyotuacha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikisema "mama", wewe unasema "na ua langu je?"

Haya, tuanze na hilo ua lako. Unakumbuka ulilitoa Chiwata, kitunguu kikubwa kama ngumi, ukakipanda kwenye dumu lililokatwa pale kibarazani. Mwaka juzi lilichanua jekundu wiki ya Krismasi, na wewe ukafika wiki hiyohiyo. Tangu hapo mama ameshika neno moja: ua likifunguka, Glory anakuja.

Ulituma ujumbe kwamba kuanzia Juni tusilimwagilie maji, lilale. Nilimsomea mama. Akaniambia, "Kitu cha mwanangu kilale na kiu, na mimi nakunywa?" Basi kila asubuhi alikuwa ananawa uso kwa nusu kikombe, nusu nyingine anapapasa ukuta mpaka kibarazani analimwagia. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Wewe unamjua mama.

Anapapasa, ndiyo. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona mtu akisimama mlangoni penye mwanga, na daktari kule Masasi hakutupa matumaini. Nilikueleza mwezi wa saba. Ukasema pole, halafu ukauliza kama majani yamenyauka.

Agosti nilitia kidole kwenye udongo, kikazama. Kitunguu kilikuwa kimeoza chote, kinanuka. Nikakitupa nyuma ya choo mama akiwa kanisani. Sikuwa na moyo wa kumwambia, kwa hiyo nilichukua kitunguu cha jikoni, kile chekundu cha mchuzi, nikakizika mahali pake. Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Wiki mbili hazikuisha, kikachipua. Mama akayagusa majani, akaita mpaka jirani yetu Yuliana akatoka nje. "Ethel! Limeamka! Mwambie Glory ajiandae!" Nikakupigia. Ukaniambia, "Safi sana dada, nitumie picha." Picha! Ya nini, Glory? Ya kitunguu?

Jumapili iliyopita nilikuwa nachemsha njugu mawe. Mama akasema kwa upole kabisa, "Kachume jani moja la ua la Glory, utie humo, zipate harufu." Nikasimama na mwiko mkononi. Kumbe alijua tangu siku ile ya kwanza. Aliyakunja majani, akanusa vidole. Akaniambia macho ndiyo yanamtupa, pua bado ni yake.

Nililia pale mekoni kama mtoto. Nikamuuliza mbona anaendelea kulimwagia. Akasema, "Nyamaza, na usimwambie. Akijua ua limekufa, atarudi kuangalia nini?"

Nilimwitikia kwamba sitakwambia. Nimemdanganya mara ya pili.

Nina uchungu na wewe, mdogo wangu, siwezi kuficha. Mama hataki zawadi wala simu. Anataka usimame pale mlangoni asubuhi, jua likiwa nyuma yako, akutazame.

Wasalimie Baba Nancy, Nancy mwenyewe na Joel. Yuliana anakusalimu, na mjomba Barnaba wa Chiungutwa pia. Mungu akulinde njiani, kama utashika njia.

Ua lako lilikufa Agosti. Jicho la kulia bado.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekukasirikia,
Ethel